Programu haifunguki kwenye Windows: soma dalili kabla ya kugusa kitu

Mtu akisema “programu imegoma kufunguka”, anaweza kuwa anamaanisha mambo manne au matano yasiyohusiana kabisa. Unabofya, hakuna kinachotokea. Dirisha linachomoza na kupotea. Unaletewa ujumbe wenye namba ndefu, au Windows yenyewe inakukatalia. Kila dalili ina vyanzo vyake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Ndiyo maana ule ushauri wa mtaani, yaani ondoa programu uisakinishe tena na ikishindikana piga Windows upya, huzaa matunda mara chache kuliko watu wanavyodhani. Programu ikikosa faili la mfumo, kuisakinisha mara kumi hakutalileta faili hilo. Na kupiga Windows upya kunafuta mipangilio, leseni na mara nyingi kazi za watu, kwa tatizo ambalo lingeisha ndani ya dakika tano.

Hatua zilizomo humu ni za Windows 10 na 11. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Anza na haya, dalili yoyote iwayo

Chagua Restart, si Shut down. Windows 10 na 11 zina kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukichagua Shut down, sehemu ya ndani ya mfumo haizimwi kabisa. Huhifadhiwa kwenye diski, na ukiwasha inarudishwa kama ilivyokuwa pamoja na ugonjwa wake. Restart ndiyo inayosafisha. Kwa hiyo mtu anayesema “nimezima na kuwasha mara tatu” huenda hajaiwasha upya hata mara moja.

Tazama nafasi ya diski C. Fungua This PC. Mstari wa diski C ukiwa mwekundu, usiendelee na kitu kingine. Programu nyingi huandika mafaili ya muda zinapoanza, na zikikosa pa kuandika hufa bila kusema neno. Laptop ndogo zenye hifadhi ya GB 32 au 64 ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu Windows na masasisho yake hula sehemu kubwa. Bonyeza Windows + R, andika `%temp%`, futa yaliyomo. Yatakayokataa kufutika yaache. Kisha nenda Settings > System > Storage > Temporary files. Hapo kuwa macho: kabla ya kubofya Remove files, hakikisha Downloads haina tiki, la sivyo nyaraka zote ulizopakua zinakwenda na maji. Lenga kubaki na angalau GB 10 tupu.

Tazama saa na tarehe. Kompyuta ya mezani ambayo tarehe yake hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika ina betri ya bodi iliyokwisha. Ni betri bapa ya CR2032, volti 3, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Tarehe ikiwa si sahihi, programu zinazohakiki leseni au kuingia mtandaoni hugoma, kwa kuwa vyeti vya usalama vinaonekana vimekwisha muda au havijaanza kutumika. Unapoibadilisha, chomoa kwanza waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, halafu pachika betri mpya upande wa + ukitazama juu.

Halafu jiulize swali moja: nini kimebadilika tangu mara ya mwisho programu ilipofunguka? Sasisho la Windows, antivirasi mpya, printa mpya, umeme kukatika ghafla. Jibu hilo mara nyingi linakupeleka moja kwa moja kwenye chanzo.

## Unabofya, hakuna kinachotokea

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote. Vyanzo vyake, kuanzia kinachotokea sana:

1. Programu tayari inaendeshwa, ila haina dirisha. Ilifungwa vibaya, ikaganda chinichini. Programu nyingi haziruhusu nakala mbili kwa wakati mmoja. Ile mpya ikianza inaikuta ya zamani, inajiondoa kimyakimya, na wewe unaona kama hukubofya. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua Task Manager, nenda kichupo cha Details, panga kwa jina, tafuta faili lake: WINWORD.EXE, EXCEL.EXE, chrome.exe na kadhalika. Libofye, chagua End task, kisha fungua programu upya. Kama kulikuwa na kazi ambayo haikuhifadhiwa, itapotea, kwa hiyo ipe dakika moja au mbili kwanza uone kama itazinduka.

Nyingine hata hazijagoma. Zimejificha karibu na saa, ndani ya kile kimshale kinachotazama juu. Angalia huko kabla ya kuhangaika.

2. Inafunguka, ila polepole. Kwenye Task Manager, kichupo cha Performance, tazama Disk. Ikiwa imekaa 100% na kompyuta ina diski ya kuzunguka pamoja na RAM ya GB 4, programu nzito inaweza kuchukua dakika mbili au tatu. Kubofya mara sita kwa hasira ni kuiongezea mizigo sita. Subiri. Hali ikiwa hivyo kila siku, tatizo si programu; kubadilisha diski iwe SSD kutakusaidia kuliko usafi wowote wa mafaili.

3. Dirisha limefunguka nje ya skrini. Huwapata waliokuwa wametumia projekta au skrini ya pili. Ikoni inaonekana kwenye upau wa chini, ukiipitishia kipanya unaona kapicha kadogo ka dirisha, lakini ukibofya huoni kitu. Bofya ikoni hiyo mara moja, bonyeza Alt + Space, kisha herufi M, kisha mshale wowote wa kibodi mara moja, halafu sogeza kipanya: dirisha litakifuata. Likikataa, bonyeza Windows + P uchague PC screen only.

4. Ulichobofya si programu. Njia ya mkato iliyoko kwenye desktop ni anwani tu. Bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua Open file location. Ikishindwa kukufikisha mahali, programu yenyewe imehamishwa au imefutwa. Hapa ndipo wanapoangukia wanaonakili ikoni ya desktop kwenye flashi wakidhani wamebeba programu, wakifika kwenye kompyuta nyingine hakuna kitu. Faili la njia ya mkato lina KB moja au mbili tu. Programu haiwi na ukubwa huo.

Flashi ambayo ghafla kila folda imegeuka njia ya mkato ni jambo jingine: hicho ni kirusi, na kila unapobofya unakiendesha. Usibofye. Pima flashi kwa antivirasi kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Mafaili halisi yaliyokuwa yamefichwa yatajitokeza, ndipo ufute njia za mkato bandia.

5. Antivirasi imeondoa sehemu ya programu. Fungua Windows Security > Virus & threat protection > Protection history. Ukikuta faili la programu yako limewekwa karantini saa ileile ilipoanza kugoma, umekipata chanzo. Ikiwa programu ni halali na uliipakua kwa mtengenezaji mwenyewe, chagua Restore. Ikiwa ni ile “iliyovunjwa” uliyopewa bure pamoja na faili la kutengenezea namba za leseni, usiirudishe. Antivirasi ikilalamikia mafaili ya aina hiyo mara nyingi haikosei, na huna njia ya kujua ni lini imekosea.

6. Mafaili ya mipangilio yameharibika. Chanzo hiki kinastahili muda wako, hasa penye umeme wa kukatikakatika. Programu ilikuwa inaandika mipangilio yake, umeme ukakatika, faili likabaki na KB 0 au limejaa takataka. Kila ikianza inalisoma faili hilo na kuanguka. Kuisakinisha upya hakusaidii, kwa sababu visakinishi vingi havigusi mipangilio ya mtumiaji. Iko kwenye folda nyingine kabisa.

Hakikisha programu haimo kwenye Task Manager. Bonyeza Windows + R, andika `%appdata%`, tafuta folda yenye jina la programu au la kampuni iliyoitengeneza. Ibadilishe jina kwa kuongeza neno mwishoni, mfano “-zamani”. Fungua programu. Ikifunguka ikiwa kama mpya, umemaliza. Violezo na vitu vyako vingine utavirudisha kimoja kimoja kutoka folda ya zamani, ukifungua programu kila baada ya kimoja. Isipofunguka, fanya vivyo hivyo kwenye `%localappdata%`. Ikishindikana huko pia, rudisha majina ya awali.

Ni kubadilisha jina, si kufuta. Baadhi ya programu huweka data yenyewe humo: Thunderbird, kwa mfano, huweka barua pepe zote chini ya `%appdata%\Thunderbird\Profiles`.

## Dirisha linachomoza, kisha linapotea

Hapa programu imeanza na ikaanguka, na Windows imeandika sababu. Watu wachache huenda kuisoma, ilhali ndiyo njia ya mkato ya kweli.

Bonyeza Windows + R, andika `perfmon /rel`. Utaona kalenda yenye alama nyekundu za X siku ambazo kitu kilianguka. Bofya siku ya leo, bofya mara mbili kwenye jina la programu. Ukitaka maelezo yaleyale kwa undani, andika `eventvwr.msc`, nenda Windows Logs > Application, utafute mstari wa Error wenye namba 1000, saa ileile uliyobofya programu. Mistari mitatu ndiyo ya kusoma:

- Faulting application name: jina la programu iliyoanguka.
- Faulting module name: faili lililokuwa likifanya kazi wakati wa kuanguka.
- Exception code: aina ya kuanguka.

Mstari wa pili ndio wenye siri. Ukiona nvoglv64.dll, hiyo ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya picha ya NVIDIA, atio6axx.dll ni ya AMD, ig9icd64.dll ni ya Intel. Sasisha draiva ya kadi ya picha, na kwa laptop anza na tovuti ya mtengenezaji wa laptop yenyewe. Ukiona faili la antivirasi, la kibodi maalumu au la programu ya kurekodi skrini, zima hiyo kwanza ujaribu tena. Ukiona ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usikimbilie kuyalaumu wala kuyapakua: hayo ni mafaili ya Windows ambamo programu nyingi huangukia, kosa likiwa limeanzia kwingine.

Pakiwa na mstari mwingine wa Error wenye namba 1026 na chanzo cha .NET Runtime, soma maneno ya kwanza baada ya “Exception Info”. FileNotFoundException ni faili limekosekana. ConfigurationErrorsException mara nyingi ni faili la user.config lililoharibika ndani ya `%localappdata%`. Lihamishe, programu itajitengenezea jingine. UnauthorizedAccessException ni ruhusa: programu inataka kuandika mahali ilipokatazwa. Jaribu mara moja kwa kitufe cha kulia > Run as administrator. Ikifunguka hivyo, usiifanye mazoea ya kudumu. Tafuta folda inayokataliwa, au angalia kama Controlled folder access (kinga inayozuia programu zisizoaminika kuandika kwenye folda zako) imewashwa kwenye Windows Security na uiruhusu programu hiyo peke yake.

Bado? Tengeneza akaunti nyingine ya Windows (Settings > Accounts > Other users; kwenye Windows 10 ni Family & other users) na ujaribu programu huko. Ikifunguka, tatizo liko kwenye akaunti yako, si kwenye programu wala kompyuta. Rudi kwenye mafaili ya mipangilio, chanzo cha 6 hapo juu. Isipofunguka, tatizo ni la kompyuta nzima. Jaribio hili moja linapunguza kazi nusu.

## Ujumbe kwamba faili la .dll halipo

“The code execution cannot proceed because VCRUNTIME140.dll was not found.” Ujumbe huu unatisha, lakini ni mojawapo ya matatizo mepesi. Faili hilo ni sehemu ya kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable, ambacho programu nyingi hukitegemea. Jina la faili linakuambia kifurushi gani cha kusakinisha:

- msvcr100.dll au msvcp100.dll: Visual C++ 2010
- msvcr110.dll au msvcp110.dll: 2012
- msvcr120.dll au msvcp120.dll: 2013
- vcruntime140.dll, msvcp140.dll: toleo la 2015 na yaliyofuata, ambayo yote yako kwenye kifurushi kimoja
- d3dx9_43.dll: si Visual C++, ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010, hudaiwa sana na michezo ya zamani

Pakua kutoka tovuti ya Microsoft tu. Kwenye Windows ya biti 64 sakinisha vyote viwili, vc_redist.x64.exe na vc_redist.x86.exe, kwa kuwa programu ya biti 32 haiwezi kutumia faili la biti 64. Kwa toleo jipya, viwili hivyo pamoja havifiki MB 50, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Kisha Restart.

Usipakue faili moja la .dll kwenye zile tovuti za “dll bure”. Mbali na hatari ya virusi, karibu kila mtu huliweka pasipofaa. Majina yamekaa kinyume na unavyotarajia: folda ya System32 ni ya mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Anayetupia dll ya biti 32 ndani ya System32 anaondoa ujumbe wa kwanza na kuukaribisha wa pili, 0xc000007b, ambao ni mgumu zaidi.

Ujumbe wa “The procedure entry point … could not be located … KERNEL32.dll” ni ndugu wa huu lakini maana yake nyingine: programu ni mpya kuliko Windows. Hutokea sana kwenye Windows 7. Hakuna faili la kupakua hapo. Tafuta toleo la zamani la programu. Chrome, kwa mfano, toleo la mwisho kwa Windows 7 ni 109.

## Namba zinazoanza na 0xc

0xc000007b: mchanganyiko wa biti 32 na 64. Ondoa dll zozote zilizopachikwa kwa mkono, sakinisha upya Visual C++ zote mbili, kisha programu yenyewe.

0xc0000135: kuna kijenzi hakipo, mara nyingi .NET Framework. Programu za zamani za uhasibu na za shule hudai 3.5. Control Panel > Programs > Turn Windows features on or off, weka tiki kwenye .NET Framework 3.5. Windows itaipakua mtandaoni. Kama huna mtandao lakini una diski au flashi ya Windows ya toleo lilelile, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

`DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs`

D ikiwa ni herufi ya flashi hiyo.

0xc0000142: dll ipo ila imeshindwa kuanza. Restart huiponya mara nyingi. Ikijirudia, shuku antivirasi au sasisho lililoishia katikati.

0xc0000005: programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Ikitokea kwa programu moja, fuata hatua za sehemu ya “Dirisha linachomoza, kisha linapotea”. Ikitokea kwa programu tofauti tofauti bila mpangilio, pima RAM: Windows + R, `mdsched.exe`. Kosa hata moja kwenye kipimo hicho linatosha kuishuku RAM. Fundi anaweza kutoa kipande kimoja kimoja ajue kibovu ni kipi, au kama tatizo ni uchafu kwenye nafasi zake tu.

## Windows yenyewe inakataa

“This app can't run on your PC” ina sababu tatu za kawaida. Kwanza, faili halikupakuliwa likaisha. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye tovuti, na kama mtandao ulikatika, pakua tena. Pili, programu ni ya biti 64 na Windows yako ni ya biti 32 (Settings > System > About, soma System type). Tatu, ni programu ya kale sana ya biti 16, ambayo Windows ya biti 64 haiiendeshi kabisa.

“Windows protected your PC” si kosa. Ni tahadhari kwamba programu haijulikani. Ikiwa una uhakika na ilikotoka, More info > Run anyway. Kama ilikuja kwa WhatsApp au kwenye flashi ya mtu, ifute.

Laptop mpya inayokubali programu za Microsoft Store pekee iko kwenye S mode. Unatoka kupitia Settings > System > Activation (kwenye Windows 10 ni Update & Security > Activation), bila malipo, ila huwezi kurudi.

Na usiendeshe programu ikiwa bado ndani ya faili la zip. Windows inakuonyesha yaliyomo kana kwamba ni folda, unabofya, programu haioni mafaili wenzake, inaanguka. Kitufe cha kulia > Extract All kwanza.

## Word na Excel

Zinaganda kwenye picha ya mwanzo, au zinafunguka na kufungika. Bonyeza Windows + R, andika `winword /safe` au `excel /safe`, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju. Zikifunguka hivyo, mkosaji ni nyongeza. Nenda File > Options > Add-ins, chini pale kwenye Manage chagua COM Add-ins, bofya Go, toa tiki zote, kisha rudisha moja moja.

Kwa Word pekee, faili la Normal.dotm likiharibika ndilo linalogomesha. Funga Word, nenda `%appdata%\Microsoft\Templates`, libadilishe jina. Kwa Excel, tazama `%appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART`. Chochote kilichomo hufunguliwa kila Excel inapoanza, na faili bovu humo linatosha kuiangusha.

Printa nayo huhusika, ingawa wengi hawaamini. Word na Excel huuliza printa ya kawaida kabla ya kuchora ukurasa. Ikiwa printa hiyo ni ya mtandao wa ofisi uliyohama, programu husubiri jibu lisilokuja. Weka Microsoft Print to PDF kuwa printa ya kawaida, ujaribu tena.

Excel ikifunguka tupu bila faili ulilobofya, nenda File > Options > Advanced, chini kabisa kwenye General, na utoe tiki penye “Ignore other applications that use Dynamic Data Exchange (DDE)”.

Yote yakishindikana, kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa chagua Office > Modify > Quick Repair, haihitaji mtandao. Online Repair inapakua Office upya, ni GB kadhaa. Usiianze kwa bando la siku.

## Programu ya duka au uhasibu inafunguka, inasema haioni hifadhidata

Programu hapa ni nzima. Kilicholala ni seva ya hifadhidata nyuma yake. Ujumbe wa kawaida huanza na “A network-related or instance-specific error occurred while establishing a connection to SQL Server”.

Kama kompyuta ziko zaidi ya moja, jaribu kwanza kwenye ile inayobeba hifadhidata. Ikifanya kazi huko, tatizo ni waya, rauta au anwani ya IP iliyobadilika baada ya rauta kuzimwa. Isipofanya kazi, hapohapo bonyeza Windows + R, `services.msc`, tafuta SQL Server (SQLEXPRESS) au jina linalofanana. Hali yake isiposema Running, kitufe cha kulia > Start. Ikikubali, fungua Properties, weka Startup type iwe Automatic (Delayed Start), maana kwenye kompyuta zenye diski ya polepole huduma hii hushindwa kuamka kwa wakati.

Ikikataa kuanza, simama. Usiondoe SQL Server, usiisakinishe upya, na kwa hali yoyote usifute faili la .ldf ukidhani ni kumbukumbu za ziada. Faili la .mdf, lenye data yenyewe, na la .ldf, lenye kumbukumbu za mabadiliko, ni pacha. Umeme ukikatika katikati ya mauzo,.ldf ndilo linalotumika kurudisha hesabu mahali pake. Nakili yote mawili kwenye diski ya nje, huduma ikiwa imesimama, kisha mpigie aliyekuuzia programu.

## Karibu kila programu imegoma

Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha amri hizi kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

Ya kwanza hutumia mtandao na inaweza kusimama muda mrefu kwenye asilimia ileile, usiifunge. Ya pili hutengeneza mafaili ya mfumo kwa kutumia akiba iliyorekebishwa na ya kwanza. Baadaye Restart. Amri zenyewe zikigoma kufunguka, pima kwa Microsoft Defender Offline scan (Windows Security > Scan options), kwa kuwa virusi vingine huzuia kwanza vifaa vya kuvitafuta.

## Acha hapo, mwite fundi

- Diski inatoa mlio wa kugonga, au folda zinachukua dakika nzima kufunguka na nyingine zinatoweka. Zima kompyuta. Usiendeshe chkdsk (amri ya kukagua diski) wala sfc. Kila dakika ya kazi inazidi kuiharibu diski. Data hutolewa kwanza, matengenezo baadaye.
- Mafaili yamebadilika viishio na kuna ujumbe unaodai pesa. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, usichomeke diski yako ya nakala.
- Kompyuta ni ya ofisi na inaingia kwa akaunti ya ofisi. Programu inaweza kuwa imezuiwa makusudi na kitengo cha TEHAMA.
- Harufu ya kuungua, au kompyuta inajizima yenyewe programu nzito ikianza.

Kabla hujamkabidhi, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga mafaili kwa siri, pata funguo yake, namba zenye tarakimu 48, kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Fundi akigusa BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi) au akibadilisha betri ya bodi, Windows inaweza kuidai, na bila hiyo mafaili hayafunguki hata kwa diski kuhamishiwa kompyuta nyingine. Mpe pia picha ya ujumbe wa hitilafu, jina lililo kwenye Faulting module name, na orodha ya yale uliyokwisha kujaribu. Jambo la kwanza atakalosema likiwa “tupige Windows”, mwulize kwanza nakala ya mafaili yako ataiweka wapi.